Uliza Nahodha: Frigeti yake inatoshana na Victory yangu, tutachezaje?

*Habari yako Nahodha. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Kisumu. Shemeji yangu anafanya kazi Uingereza na Desemba aliniletea boksi la meli nane za vita za kitambo, zile za matanga, ni za chuma na hazina jina wala karatasi yoyote. Nimezipaka rangi mwenyewe na nimezipenda sana. Sasa kuna rafiki yangu wa Nakuru alinunua seti ya mchezo wa Sails of Glory, zake ni plastiki na zilikuja zimepakwa rangi tayari. Tukakutana Pasaka tukaziweka zote kwa meza tucheze vita vya Trafalgar, na hapo ndio shida ilianza, juu frigeti yake inatoshana kabisa na ile yangu kubwa, ile naamini ni Victory kwa sababu iko na safu tatu za mizinga. Watoto wakaniuliza, baba, meli kubwa ni gani hapa? Sikuwa na jibu. Tunataka kuendelea kununua lakini tununue zipi ndio ziweze kukaa pamoja? Na hizi zangu ni skeli gani?*
*Mwalimu, Kisumu*

Mwalimu pole, na asante kwa kuuliza kabla hamjatoa pesa ingine. Hao watoto wako wameuliza swali lenyewe hasa. Mtu akikaa upande ule mwingine wa meza, bila kuinama, anafaa kujua hii ni meli ya safu ya vita na ile ni frigeti ya kupeleleza na kupeleka habari. Kama hawezi kujua, basi hizo meli haziendani hata kama boksi limeandikwa nini, na kama anaweza kujua bila kuambiwa, zinaendana. Hicho ndicho kipimo changu na sijapata kingine kizuri kuliko hicho.

Sasa tuingie kwa namba. Sails of Glory ni 1/1000, yaani kila milimita moja ya modeli ni mita moja ya meli yenyewe. Kwa 1/1200 milimita moja ni mita 1.2. Ukisikia tu 1000 na 1200 unaona ni tofauti kidogo ambayo nani ataiona, lakini angalia. Victory, ile ya Nelson, admirali wa Uingereza, sitaha yake ya mizinga ni mita 57 hivi na upana wake ni mita 15.8. Frigeti ya kawaida ya Uingereza ya wakati huo, tuchukue Trincomalee ambayo mpaka leo inaelea kule Hartlepool na ilijengwa Bombay kwa mbao za msaji ikaingia majini 1817, sitaha yake ni karibu mita 46 na upana ni kama mita 12. Gawanya sasa. Victory kwa 1/1200 inakuwa milimita 47 na nusu kwa 13. Hiyo frigeti kwa 1/1000 inakuwa milimita 46 kwa 12. Umeona? Macho yenu hayakuwadanganya, meli ndogo ya rafiki yako imekuja kukaa kwa kiti cha meli yako kubwa kuliko zote, na zile zake za mizinga 74, meli za safu za kawaida, ndio zitaipita hata Victory yenyewe. Kwa hivyo nakisia zako ni 1/1200, lakini usinunue kitu kwa kukisia kwangu, pima.

Na ukipima, pima upana. Narudia juu hapa ndio watu wanapoteza pesa: usianze na urefu. Meli hizi ziko na urefu wa aina nyingi na kila muuzaji anapima ule anaotaka. Kuna urefu wa sitaha ya mizinga, ndio hiyo mita 57. Ukipima Victory kutoka sanamu ya omo (mbele) mpaka ukingo wa tezi (nyuma) inafika mita 69, na hapo bado hujahesabu ule mlingoti unaochomoza mbele. Mimi mwenyewe nilipigwa na hii kitu. Nilikuwa na meli sita za 1/1200 na nikaona mtu mtandaoni anauza ingine kumi na mbili, ameandika tu Victory ni milimita 58. Nikachukua kalkuleta nikagawanya 69 kwa 1200, nikapata 58, nikafurahi, nikalipa pesa niliyokuwa nimeweka miezi saba. Zilipofika nikaweka moja kando ya zangu nikajua tu. Alikuwa amepima sitaha peke yake, na sitaha ya mita 57 kwa 1/1000 ni milimita 57, karibu ile ile namba! Siku mbili boksi lilikaa mezani sikuligusa. Upana hauna hiyo shida, meli iko na upana mmoja mkubwa pale katikati na huo ndio unapimwa. Azima kalipa, kile kifaa cha kupima unene, kwa fundi yeyote wa jua kali, shika ile meli yako ya safu tatu pale ilipo nene. Ikisoma 13 ni 1/1200. Ikisoma 16 ni 1/1000. Ikisoma kama 22 au 23 ni 1/700, ile skeli ya mchezo mwingine unaoitwa Black Seas. Ikiwa 6 na kitu basi ni 1/2400, lakini hiyo ungekuwa umeshajua juu meli nzima ingekaa kwa ncha ya kidole. Na muuzaji mwulize upana pia, kama hataki kupima mwache.

Sasa mfanye nini. Ushauri wangu ni wewe ukae na 1/1200 na usiyumbe, na yule rafiki wa Nakuru asiuze zake. Seti yake imekamilika yenyewe, inakuja na kadi zake na visahani vyake vya kukalishia meli na inachezeka siku ile ile unafungua boksi, kwa hivyo mkiwa kwake mnacheza za 1/1000 na mkiwa kwako mnacheza za 1/1200. Najua si jibu mlitaka. Watu wengine watakwambia weka skeli moja upande wa Waingereza na ile ingine kwa Wafaransa, ati haitaonekana. Itaonekana. Wafaransa wote watakuwa majitu na kila mgeni akiingia atadhani Nelson alipigana na ngome zinazoelea. Kama ni lazima iwe meza moja, hesabuni nani ameshatumia pesa nyingi, huyo ndiye skeli yake inashinda, yule mwingine aanze upya polepole.

Kwa 1/1200 kuna majina mawili ya watengenezaji utakutana nayo sana, Langton wa Uingereza na GHQ wa Marekani, na hizi kwa ukubwa zinakaa pamoja vizuri. Tofauti iko kwa mikono. Matanga ya Langton unaweza kuyapata ya shaba nyembamba iliyokatwa kama karatasi, hata zile ngazi za kamba za kupanda mlingoti, na tanga la shaba likikaa kando ya tanga nene la kumiminwa jicho linaona haraka sana. Ninachofanya mimi ni kutochanganya ndani ya kikosi kimoja. Mtengenezaji mmoja anapewa Wahispania wote, mwingine Wafaransa, na hapo ile tofauti inageuka kuwa kitu kizuri, inaonekana kama nchi mbili kweli zenye mafundi tofauti.

Kuna kitu kingine hakuna mtu anaandika kwa boksi na kinaharibu meza kuliko hata skeli, nacho ni matanga yamefunguliwa aje. Wakati wa mapigano meli nyingi zilikuwa zinakunja yale matanga makubwa ya chini zinabaki na ya juu, kwa sababu yale ya chini yanaziba macho na yanashika moto kutoka kwa mizinga. Kwa hivyo ukiwa na meli tano ziko hivyo halafu tatu zimefungua kila kitu mpaka kule juu kabisa, hizo tatu zinaonekana kama zinakimbia safari yao ingine. Chagua moja. Mimi napenda ya mapigano, na pia ni rahisi kupaka rangi.

Enzi nayo uangalie. Meli ya 1660 na ya 1805 haziwezi kusimama safu moja hata kama skeli ni sawa. Njia rahisi ya kujua ni kuangalia mlingoti wa nyuma, ule mabaharia wetu wa Pwani wanaita galme: za zamani ziko na tanga la pembe tatu kama la dau, na mbele kule kwa ule mlingoti wa omo wanasimamisha kamlingoti kengine kadogo. Za wakati wa Nelson hako kadogo hakako na tanga la galme limeshabadilika.

Sasa Trafalgar yenyewe Mwalimu. Tarehe 21 Oktoba 1805, Waingereza meli 27 za safu, Wafaransa na Wahispania 33. Hizo ni 60 na wewe uko na nane. Usingoje mpaka zifike sitini, chukua kipande tu. Pale katikati Victory iliposhikana na Redoutable, meli ya Ufaransa ya mizinga 74, na ni kutoka juu ya mlingoti wake ndio Nelson alipigwa risasi, halafu Temeraire ya mizinga 98 ikaja kusaidia, na karibu hapo iko Santísima Trinidad ya Wahispania, safu nne za mizinga, ilijengwa Havana ikaingia majini 1769. Meli nne na mchana mzima umeisha, na darasa lako la historia litakaa kimya lisikilize. Frigeti unaweza kuziacha kwa boksi siku hiyo, Waingereza walikuwa na nne tu na hazikuingia kwa safu. Lakini kama utapata Pickle inunue, ile skuna ndogo iliyopeleka habari nyumbani Uingereza, kwa 1/1200 ni kama milimita 18, ni kitu kama mbegu ya tikiti maji hivi, na ukiiweka kando ya Victory ndio watu wanaelewa ukubwa ni nini.

Mwisho, visahani vya chini viwe unene mmoja na rangi moja kwa meli zote, na jina liandikwe upande wa tezi. Mkipima umbali wa kupiga pimeni kutoka mlingoti wa katikati, sio kutoka ncha ya mbele, la sivyo mwenye meli ndefu anapata faida ya bure.

*Niaje Nahodha. Niko Nakuru, Section 58, na boi wangu ako na printa ya 3D ya rezini. Nimepata faili poa sana ya meli ya mizinga 74 lakini imeandikwa 1/700, na watu nacheza nao wako na 1/1200. Naweza kuipunguza tu ama nitafute ingine?*
*Kijana wa cyber, Nakuru*

Kaka, punguza. Gawanya 700 kwa 1200 unapata 58.3 kwa mia, andika hiyo kwa programu na bodi ya meli itatoka sawa. Kama wangekuwa 1/1000 ungeandika 70. Shida sio bodi, shida ni milingoti. Yule aliyechora faili alichora mlingoti wa milimita moja kwa sababu kwa 1/700 hiyo inashika, ukipunguza unapata nusu milimita na kidogo ya rezini, na rezini haipindi, inavunjika tu ukiigusa na mkono wa shati. Kwa hivyo kata milingoti yote kwa programu, print bodi peke yake, halafu utoboe na usimamishe waya wa shaba ama pini za fundi cherehani zilizokatwa kichwa. Matanga fanya ya karatasi, ikunje kidogo kwa kalamu ndio ionekane imejaa upepo. Kwa kamba uzi mweusi mwembamba unatosha, uvute kwanza kwa nta ya mshumaa ndio zile nywele nywele zilale.

Na tafadhali print moja kwanza. Moja. Pima upana na kalipa, meli ya 74 inafaa kuwa milimita 12 hivi kwa 1/1200, ukiona iko sawa ndio u-print zingine. Vaa glovu ukishika rezini mbichi, na uangalie mwenye faili ameruhusu nini kabla hujaanza kuuzia watu.

*Shikamoo Nahodha. Mwanangu ana miaka 12, tuko Kakamega, ameona huu mchezo kwa binamu yake na sasa halali. Nimeangalia bei ya hizo meli pamoja na kutumwa nimeona siwezi. Kuna njia ingine?*
*Mama, Kakamega*

Marahaba Mama. Iko, na ni nzuri. Kijiti cha kawaida cha aiskrimu kiko na upana wa karibu milimita 10, na huo ndio upana wa frigeti ya 1/1200. Sijui kama kuna mtu alipanga hivyo lakini nilipopima mara ya kwanza nilishangaa. Akate kipande cha milimita 38, abandike vitatu juu ya vingine na gundi ya mbao, achonge omo iwe mviringo na tezi akate wima, tayari hiyo ni bodi ya frigeti. Kile kijiti kipana daktari hukandamiza nacho ulimi ni kama milimita 17 ama 18, hicho ni frigeti ya 1/700, na kwa mkono wa mtoto wa miaka 12 ningeanza na hiki juu ni rahisi kushika, frigeti moja inakuwa milimita 65. Milingoti ni vijiti vya meno. Matanga ni karatasi ya daftari. Achague skeli moja atengeneze zote kwa hiyo, hata binamu akija na zake za dukani kubwa au ndogo asibadilishe, ama sivyo ataanza upya kila likizo.

Kitu kimoja ambacho hakigharimu: akielewa upepo atawashinda wenye meli za bei. Meli za matanga ya mraba hazikuweza kwenda karibu na upepo, zilibaki nyuzi 67 hivi kutoka pale upepo unatoka, kwa hivyo ukitaka kufika huko unabisha, kulia halafu kushoto halafu kulia. Mkija Kisumu mlete pale Dunga alasiri ule upepo wa ziwa ukianza, wavuvi wenye matanga wanarudi nao moja kwa moja, halafu aangalie yule anayetaka kwenda kinyume anapinda mara ngapi. Ataelewa haraka kuliko nikimchorea.

*Nahodha, hizi meli zote ni za Wazungu. Mimi ni mvuvi na natoka Port Victoria, nimekaa Mombasa miaka mingi. Siwezi kuweka jahazi kwa meza na iendane na hizi za Nelson?*
*Mzee wa nyavu, Busia*

Mzee wangu, unaweza, na umenigusa. Kwanza ukubwa: jahazi la mita 20 kwa 1/1200 ni milimita 17, litaonekana lakini tanga lake zuri litapotea, kwa hivyo kama unaanza upya na unataka majahazi yaonekane nenda 1/700, hapo linakuwa milimita 29. Kadi ya upepo ya jahazi, ile inayoonyesha meli inaendaje na upepo, isiwe sawa na ya frigeti, tanga letu linasogelea upepo kuliko yale ya mraba.

Na historia iko, haina haja ya kubuni. Mwaka 1824 Kapteni Owen alifika Mombasa na meli ya Leven, Wamazrui waliotawala Mombasa wakiwa wanaogopa Sayyid Said, mtawala wa Omani, akawapandishia bendera ya Uingereza ikakaa mpaka 1826. Leven na mwenzake Barracouta zilikuwa meli ndogo za kupima pwani, sio meli za safu, kwa hivyo ukizitafuta tafuta slupu na brigi, meli ndogo za vita, usinunue frigeti kubwa ukaiita Leven.

Upande ule mwingine Sayyid Said alikuwa na Liverpool, meli ya mizinga 74 iliyojengwa Bombay 1826, baadaye 1836 akampa mfalme William IV na Waingereza wakaiita Imaum. Fikiria hiyo Mzee, meli ya safu ya kisultani, ya umbo lile lile la zile zilizopigana Trafalgar. Kwa hivyo 74 yoyote ya Uingereza utakayopata kwa skeli yako inafaa bila kubadilisha kitu kwa bodi. Badilisha bendera tu, iwe nyekundu tupu bila alama, na uipake rangi kabla hujabandika matanga, kwa sababu ukishabandika brashi haifiki kule nyuma.